Siku nne na Gaju kwenye gari linalovuja

Marafiki zangu wa chuo mlioko mjini Leo,

Nimerudi nyumbani Nyamitaba juma hili na kukuta barua zenu tatu zikinisubiri, zote zina swali moja. Mmoja wenu amesikia kwa binamu yake kwamba nilionekana sokoni Nyabiondo, nimeshika suruali kwa mkono mmoja na kamba ya ng'ombe kwa mkono mwingine, nikigombana na fundi viatu. Ni kweli, isipokuwa sikuwa nikigombana. Nilikuwa nikiuliza maswali. Ninyi mnajua tofauti. Kule hawakuijua.

Chanzo cha yote ni dada yangu Felisita. Aliolewa Kibua, huko chini msituni upande wa Walikale, na mwalimu wa shule ya msingi. Miezi miwili iliyopita alijifungua mapacha. Nilipofika likizo nikakuta barua yake, nikamsomea mama. Haikuwa ndefu. "Maziwa yangu yanamtosha mmoja," aliandika. "Mwingine ananiangalia." Kibua hakuna ng'ombe hata mmoja. Mama hakulia. Alitoka, akasimama kwenye zizi akiwatazama ng'ombe wetu muda mrefu, kisha akarudi ndani na kusema neno moja: "Gaju."

Karatasi za kumhamisha ng'ombe kutoka wilaya moja hadi nyingine sitazieleza. Nilizipata. Tuendelee.

Nyamitaba hadi Masisi

Gari lilikuwa kamyoneti ya dizeli ya mfanyabiashara mmoja wa Masisi, iliyokuwa imeleta chumvi na kulala kwetu usiku mmoja. Dereva, Papa Mateso, ni Muhunde mfupi mwenye kofia ya sufu, na hakutaka kubeba ng'ombe.

"Miye ninabebaka chumvi," alisema. "Chumvi haikojoe."

Mama akamweleza habari za mapacha. Papa Mateso akavua kofia, akalitazama gari, akamtazama Gaju, ambaye pembe zake ukizipima ni ndefu kuliko mimi.

"Pembe zitapitia wapi?" aliuliza, nasi tukajua amekubali.

Tulisimamisha miti pande zote nyuma ya gari, tukatandika majani, tukampandisha Gaju kwa kusukuma na kusihi. Papa Semajeri alipanda naye. Huyu ni mchungaji wetu tangu kabla sijazaliwa, na kwa maoni yake mimi ni ndama aliyepotea shuleni. Alikuwa amembeba ndama wa Gaju mabegani.

"Ndama wa nini?" niliuliza. "Gari limejaa."

"Gaju hatoe maziwa kama hamuone mutoto wake."

"Nani amethibitisha hivyo?"

"Gaju."

Basi ndama akapanda. Mimi nilikaa mbele na Papa Mateso, ambaye aliniita Iniversite tangu saa ya kwanza na hajaniita jina langu la Gaspari hadi leo.

Kwenye mteremko mrefu wa kwanza tulisikia harufu ya kitu kinachoungua. Papa Mateso alisimamisha gari kwa shida, likivuta upande. "Iniversite, shuka uangalie nyuma."

Gurudumu la kushoto la nyuma lilikuwa limelowa mafuta meusi kana kwamba limepakwa na mtu. Papa Mateso alinieleza kwa upole. Ndani ya ekseli ya nyuma mna mafuta mazito ya kulainisha meno ya gia. Mwishoni mwa ekseli kuna pete ya ngozi, yeye aliiita joint, ya kuyazuia yasitoke. Pete ikichoka, mafuta huingia kwenye ngoma ya breki.

"Na fren ikishakunywa mafuta," alisema, "haishike tena. Na kutoka Masisi mupaka Kibua ni kushuka tu."

"Una hakika gani kuwa ni pete?"

"Sababu gurudumu imelowana."

"Linaweza kulowa kwa sababu nyingine."

"Sema moja."

"Gaju amekojoa," nilisema.

Papa Mateso alichovya kidole, akakinusa, halafu akakileta chini ya pua yangu na kukiacha hapo. Yalikuwa mafuta.

Hata hivyo mnanijua. Nilitoa daftari, nikaingia chini ya gari, nikaandika kila nilichokiona. Nakala ninayo hapa. "Gurudumu la kushoto: mafuta. Gurudumu la kulia: kavu. Juu ya ekseli: udongo mkavu, si muhimu." Papa Semajeri aliinama akanitazama kati ya magurudumu.

"Anatafuta nini huko chini?"

"Sababu," alijibu Papa Mateso.

"Eeh. Na akiipata tutaifunga na nini?"

Masisi

Tulifika tukitambaa. Ghala la mwenye gari halikuwa na pete hiyo. Mlinzi wa ghala alisema huenda iko Goma, ao Bukavu, ao bado iko kwenye meli kutoka Ulaya. Majuma mawili, alisema, na kwa namna alivyolitamka neno "mawili" nilielewa kuwa ni manne.

Asubuhi Papa Semajeri alimwacha ndama anyonye kidogo, akamsogeza pembeni, akakamua. Chombo chetu cha mti kilijaa hadi juu. Tulikunywa sisi, akanywa mlinzi, wakanywa watoto wa mlinzi. Papa Semajeri hakufurahi. Alisema ng'ombe anayetikiswa hupunguza maziwa kila siku, na anayetikiswa sana hukauka kabisa, na akikauka tutakuwa tumempelekea Felisita pembe tupu. Hapo hata mimi sikuuliza nani amethibitisha. Hatukuwa na majuma mawili.

"Tutashuka polepole," alisema Papa Mateso. "Miye nitashika kwa gia. Iniversite atashika kwa jiwe."

Masisi hadi Nyabiondo

Kushika kwa jiwe ni kazi ifuatayo. Unatembea nyuma ya gari ukibeba jiwe la ukubwa wa kichwa chako. Dereva akipiga kelele, unalitupa mbele ya gurudumu la nyuma na kuruka pembeni. Gari likitulia, unasubiri apumue, unalitoa jiwe, mnaendelea. Nimesoma miaka kumi na mitano ili nifike hapo, na nakiri kwamba nililitupa jiwe vizuri.

Kila mtu alitupita. Akina mama waliobeba mihogo mgongoni, kamba ya kikapu kwenye paji la uso, walitupita wakiongea bila kuhema. Mmoja alitungoja kwenye kona.

"Kaka, munasukuma gari ao munasukuma ng'ombe?"

"Hatusukumi, Mama. Tunazuia."

"Eh! Munazuia gari isiende?" Akawageukia wenzake. "Banaume hawa bamepanda gari, njo banaizuia kwenda!"

Walicheka hadi chini ya kilima. Huko chini walitungoja tena, safari hii na maharagwe na ugali wa muhogo kwenye majani. Walimpa Papa Semajeri sehemu kubwa kuliko sisi kwa sababu, walisema, yeye peke yake ndiye anayefanya kazi inayoeleweka.

Tulilala njiani, tukaingia Nyabiondo mchana wa siku ya tatu ya safari. Asubuhi ile Gaju alikuwa ametoa nusu chombo.

Nyabiondo

Fundi viatu wa sokoni, Papa Bonane, hakuwahi kugusa gari maishani mwake. Papa Mateso alimweleza tatizo, naye akaja na kiti chake kidogo, akaketi mbele ya gurudumu kama mbele ya mguu wa mteja. Tukainua gari kwa jeki, tukatoa gurudumu na ngoma ya breki, Papa Mateso akavuta shafti. Pete ya zamani ilitoka vipande vipande, imekauka kama ganda la ndizi.

Papa Bonane aliigeuza mkononi. "Ngozi yangu yote ni ya mbuzi. Nyembamba. Hapa inataka ng'ombe, na ng'ombe munene."

Mimi, fundi na Papa Mateso, bila kukusudia, tuligeuka kumtazama Gaju. Papa Semajeri akasimama mbele yake akiwa ameshika fimbo.

"Simaanishe huyo," alisema Papa Bonane haraka. "Ninamaanisha ule." Akaelekeza sindano yake kwenye kiuno changu.

Mnaukumbuka mkanda wangu, ule mpana nilioununua Leo. Nilianza kuuliza. Ngozi kavu itazuiaje mafuta? Kwa nini kipande kirefu badala ya duara? Je, haitaungua? Watu wa soko wakakusanyika, na hapo ndipo binamu wa mwenzetu alipoona alichokiona. Papa Bonane alinijibu kila swali bila kuacha kazi, na swali la mwisho lilipokwisha, nilikuta mkanda uko mkononi mwake. Sijui nilimpa saa ngapi.

Alivyofanya ni hivi. Alikata kipande cha mkanda, akakizungusha katika nafasi ya pete kukizunguka chuma, na ncha mbili akazikata mshazari ili zilaliane bila kuacha mwanya. Ikabaki kukilainisha kwa mafuta.

"Mawese," alisema Papa Bonane.

"Siagi," alisema Papa Semajeri, kana kwamba amesikia tusi. Alikuwa na kibuyu cha siagi ya ng'ombe ambayo mama aliwatumia mapacha ya kupaka mwilini. Akachota kwa vidole viwili, si zaidi, akaikanda ile ngozi mwenyewe kwa muda mrefu, kisha akainusa.

"Huyu ng'ombe alitoka wapi?"

"Sijui, Papa. Mkanda nilinunua Leo."

"Hakukunywa maji ya milima," alisema kwa huruma. "Lakini atajaribu."

Breki tulizisugua kwa majivu hadi zikawa kavu, tukarudisha kila kitu. Papa Bonane hakutaka malipo zaidi ya kikombe cha maziwa. Suruali yangu nilifungiwa kwa kamba ya ndama, na ndama akafungiwa kwa kipande kilichobaki cha mkanda. Alipendeza kuliko mimi.

Kizuizi cha mvua

Baada ya Nyabiondo msitu unakukaribia pande zote na hewa inakuwa nzito. Breki zilishika. Papa Mateso aliimba. Tulikwenda hivyo hadi kwenye mti uliolazwa katikati ya barabara, na pembeni kibanda cha kantonye, mtunza barabara.

"Mvua ikinyesha, gari inangoja saa ine, barabara ikauke," alisema.

"Lakini mvua haijanyesha."

"Imenyesha."

"Wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye wingu mbali juu ya msitu. "Kule."

"Sisi hatuendi kule."

"Barabara inaenda."

Nilimuuliza atajuaje kwamba saa nne zimepita bila saa ya mkono. Alisema atajua. Nilimuuliza itakuwaje ikinyunyiza tena katikati ya hizo saa nne. Alisema tutaanza upya, na alipomaliza kusema, ikanyunyiza. Papa Mateso aliniomba nisiulize swali lingine karibu na wingu.

Tulilala pale. Kantonye alitupa ndizi za kuchoma na samaki wadogo wa mtoni, na mke wake akaja kumtazama Gaju mara tatu, kila mara akirudi nyuma hatua moja zaidi. Asubuhi, tukisubiri ruhusa, nilisikia tone. Halafu jingine. Chini ya gurudumu la kushoto palikuwa na dimbwi jeusi la upana wa sahani.

Papa Mateso alikaa chini barabarani, akaishika kofia yake kwa mikono miwili. Papa Semajeri alirudi kutoka kukamua. Chombo kilikuwa na kiasi cha kikombe kimoja.

"Kesho anakauka," alisema. Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayetaja mvua. Lakini alikaa karibu na Papa Mateso, na mimi nikakumbuka yule mtoto anayeangalia.

Niliingia tena chini ya gari. Ngozi ya Papa Bonane ilikaa mahali pake, imebana vizuri. Mafuta yalipita hata hivyo.

"Papa Mateso," nilisema kutoka kule chini, "mafuta hayatoki yenyewe. Kuna kitu kinayasukuma."

"Maswali tena."

"Ekseli ikipata moto, hewa ya ndani inavimba. Inatoka kupitia wapi?"

"Iko na kitundu pale juu. Inapumuaka kwa kitundu."

"Kitundu gani?"

Alikuja. Tulipapasa juu ya ekseli wote wawili. Palikuwa na ule udongo wangu mkavu, mgumu kama saruji, umesawazishwa vizuri mno kuwa matope ya barabarani tu. Ulikuwa na alama ya kidole gumba.

Papa Semajeri aliinama. "Munatafuta kile kitundu? Hakiko tena. Nilikiziba."

Papa Mateso aliacha kupapasa.

"Kule Nyamitaba," aliendelea, akifurahi kwamba hatimaye anaulizwa. "Siku ile mulikuwa munakula kwa Mama. Niliona kinatoka mafuta kidogo, nikasema gari ya watu itavuja njiani. Nikachukua mavi ya Gaju, nikachanganya na majivu, nikapaka vizuri sawa vile tunapaka kapu ya maharagwe. Njo maana nashangaa. Miye nilishaiziba, na bado inavuja!"

Papa Mateso alitambaa akatoka chini ya gari. "Papa," alisema taratibu, "ile njo pua yake."

Aliomba msumari kwa kantonye, akachimba. Ganda lilipopasuka, ekseli ilitoa pumzi ndefu, fyuuu, mpaka Gaju akaruka na mke wa kantonye akakimbilia ndani. Ilidumu muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Papa Semajeri aliisikiliza yote, kichwa kimeinama upande.

"Lakini hilo ni tumbo!" alisema, sasa akiwa amekasirika. "Ng'ombe akila majani mabichi ya mvua anajaa hewa hivyo hivyo, unamutoboa ubavuni, anapona. Tumbo ninajua! Siku tatu munaongea joint, joint, fren, fren. Kwa nini hamukusema ni tumbo?"

Alinitazama mimi. Ninyi mngenijibia nini? Nilikuwa nimeuliza maswali kuhusu ngozi, gia, ndama, mawingu na saa nne, na jambo pekee ambalo sikulitilia shaka ni udongo. Nilifungua daftari nikafuta maneno mawili: "si muhimu".

Tulisugua breki tena kwa majivu ya kantonye. Akatazama angani, akaona saa nne zimekwisha, akainua mti. Hadi Kibua hatukupoteza mafuta hata tone moja, na Papa Semajeri alikuwa akigonga paa kila kilima kuuliza kama tumbo limekaa vizuri.

Kibua

Wanafunzi wa shemeji yangu walitoka darasani bila ruhusa. Wengi hawakuwahi kumwona ng'ombe, na mmoja aliuliza kama zile pembe zinatolewa usiku. Felisita alikuja mbio, amembeba pacha mmoja mgongoni na mwingine mbele. Alikuwa amekonda. Hakunisalimia kwanza, alimsalimia Gaju, kwa jina, akamgusa shingo. Yule wa mbele alikuwa mdogo kuliko mwenzake kwa kiasi ambacho barua haikusema, na kweli anatazama. Anakutazama mpaka unataka kumwomba msamaha.

Jioni ile Gaju alitoa kikombe, kisha akakataa. Papa Semajeri alimwimbia, akamlambisha chumvi, akamwonyesha ndama. Kikombe tu.

Enfirmiye, muuguzi wa zahanati, kijana mnyofu, alikuja kuyatazama maziwa. "Ya batoto wadogo hivi, lazima ichemke kwanza," alimwambia dada yangu. "Kila mara. Bila hivyo tumbo zitawaharibikia, na huyu mudogo hana nguvu ya kuharibikiwa."

Papa Semajeri alisimama. Maziwa ya ng'ombe wetu, alisema, hayawekwi motoni. Ukiyachemsha, chuchu zinakauka. Tangu zamani. Na mwone mwenyewe huyu, amebakiza kikombe kimoja, unataka kumpikia hicho pia?

"Papa, ni microbe," alisema enfirmiye.

"Siijue. Na yeye Gaju haijue."

Safari hii sikuuliza kitu. Felisita alikuwa ameshika kile kikombe katikati yao. Ni binti wa zizi kama mimi. Sheria hiyo alizaliwa nayo, na katika nyumba ya mama hakuna aliyewahi kuivunja. Alimtazama mzee aliyemlea mgongoni, akamtazama mtoto.

"Papa Semajeri," alisema, "majani ya hapa karibu na nyumba si mazuri. Kule mtoni iko mengine marefu. Gaju angekula yale."

Mzee aligeuka kutazama upande wa mtoni. Mfuko wa panga lake ulikuwa begani tayari.

"Kule mbali?"

"Kule mbali, Papa."

"Basi nitachelewa kidogo kurudi," alisema, akaenda.

Alirudi na mzigo mkubwa wa majani. Sufuria iliyochemshiwa maziwa ilikuwa imeoshwa na kufunikwa juu ya kichanja. Kesho yake asubuhi, mara alipomaliza kukamua, alitangaza mwenyewe kwamba anakwenda mtoni. Na jioni vilevile. Siku ya tatu Gaju, aliyepumzika na asiyetikiswa tena, alijaza nusu chombo. Siku ya sita kikajaa. Enfirmiye alisema ni mapumziko, Papa Semajeri alisema ni majani, shemeji yangu alisema ni maombi.

Siku ya kuondoka kwangu nilimfuata mzee mtoni. Yeye anabaki hadi watoto waanze kula uji. Nilimkuta ameketi juu ya jiwe, majani yamekatwa na kufungwa zamani, hafanyi lolote, anangoja tu muda upite. Nikashindwa kujizuia.

"Papa, nina swali moja."

"Batoto bamekunywa?" aliniuliza yeye kwanza.

"Wamekunywa."

"Bote wawili?"

"Wote wawili. Yule mdogo amelala."

Alitikisa kichwa, akasogea kunipa nafasi kwenye jiwe. Kutoka pale tuliona moshi wa jiko la Felisita juu ya miti.

"Ulikuwa na swali gani?"

Nilimwambia nimelisahau.